Trela na upepo wa matairi: geji ya mkono, sensa za kifuniko au sensa za ndani?

Tairi la mbele la pikapu likipungua upepo, dereva hujua mapema: usukani huvuta upande mmoja na gari hulalia kwenye kona. Tairi la trela halimwambii mtu. Kwenye trela ya ekseli mbili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi moja likilegea, lenzake la upande huohuo hubeba mzigo wa yote mawili, na pikapu huendelea kuvuta kana kwamba hakuna lililotokea. Umeondoka Nakuru alfajiri na viti na mahema ya harusi ya Kisumu, umepanda Salgaa na Sachangwan, na habari ya kwanza ya pancha unaipata karibu na Londiani kutoka kwa dereva wa matatu anayekuwashia taa kwa nyuma. Wakati huo tairi limeshakuwa vipande.

Kinachomaliza tairi hapo ni joto. Upepo ukipungua, kuta za tairi hujikunja na kunyooka kila mzunguko, mpira unachemka, na nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Likishafika hapo, hata ukilijaza upya halifai tena kubeba mzigo. Kati ya kuanza kuvuja na kupasuka kunaweza kupita dakika chache au siku nzima, na vifaa vyote tunavyolinganisha hapa vipo kwa ajili ya kipindi hicho.

Chaguo ni tatu. Ya kwanza ni geji nzuri ya mkono na utaratibu wa kusimama na kukagua. Ya pili ni sensa za kifuniko, zinazofungwa kwenye vali mahali pa kile kifuniko cha plastiki na kurusha nambari kwenye kioo kidogo kilichobandikwa dashibodi. Ya tatu ni sensa za ndani, zinazokaa ndani ya tairi, ama zikiwa zimeungana na vali ama zikiwa zimefungwa kwa mkanda wa chuma kuzunguka rimu.

Mfumo uliokuja na gari lenyewe tunauacha kando. Ule unaokisia upepo kwa kutumia sensa za breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga) hulinganisha kasi ya magurudumu manne ya gari, na ya trela hayamo kwenye hesabu hiyo. Isitoshe, magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huja bila mfumo wowote.

Mambo ya kupimia

Tumeyapima matatu haya kwa maswali mamoja: yanakuambia nini na lini; nambari zake ni za kuaminika kiasi gani; yanaifanya nini vali; mawimbi yanafika mbele au hayafiki; na mwisho kazi ya fundi, betri na usumbufu wa kila siku. Bei tumeitaja kwa mpangilio tu, maana hubadilika kila mzigo mpya unapoingia: geji ndiyo rahisi, vifuniko vinafuata, sensa za ndani ni ghali zaidi kwa sababu ya kazi ya kufungua matairi.

Inakuambia nini, na lini

Geji hukuambia ukweli wa wakati ule ulioishika. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 180, na kati ya kituo kimoja na kingine huna habari yoyote. Anayeitegemea asimame angalau Mau Summit, Kericho na Ahero. Kwenye kila kituo apitishe kiganja karibu na ukuta wa kila tairi na kwenye kitovu cha gurudumu, kwanza bila kugusa, maana kitovu chenye beringi mbovu kinaunguza. Kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola, hufanya kazi hii vizuri kuliko kiganja. Geji ikionyesha tairi la moto limepanda psi 7 au 10 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi) juu ya lilivyokuwa asubuhi, usilipunguze. Hilo ni joto la safari, na ukilipunguza utajikuta chini likishapoa.

Sensa za kifuniko hukupa nambari ya kila tairi safari nzima. Nyingi hupima kila sekunde chache na kurusha taarifa kila baada ya dakika kadhaa. Upepo ukianza kushuka haraka, hurusha papo hapo na kengele ikalia. Udhaifu wake ni joto. Kifuniko kimekaa nje kinapigwa na upepo wa barabara, hivyo kinasoma joto la chini kuliko la ndani ya tairi. Hutumika kwa kulinganisha tu: gurudumu moja likizidi lenzake la ekseli ileile kwa nyuzi 10 au zaidi, simama uangalie.

Sensa za ndani zinapima upepo vilevile, lakini joto lake ni la hewa ya ndani ya tairi. Breki ya trela iliyong'ang'ania hupasha rimu, rimu hupasha hewa, na sensa huiona. Kwa trela yenye breki zake inayoteremka kutoka Kericho kwenda Awasi ikiwa imejaa, hii ni faida kubwa.

Ukigonga jiwe au shimo na tairi likapasuka hapohapo, hakuna kati ya hizi tatu itakayokuwahi. Pia ujue kwamba sensa nyingi hulala trela ikisimama ili kutunza betri. Asubuhi kioo huweza kukuonyesha nambari ya jana mpaka uendeshe kidogo, kwa hiyo mwenye sensa bado anahitaji kuzunguka trela kabla ya kuondoka.

Nambari zikitofautiana na geji

Hapa ndipo watu wengi wa Bonde la Ufa hudhani wameuziwa sensa mbovu. Geji ya mkono hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa iliyokuzunguka mahali ulipo. Sensa nyingi hupima upepo wote wa ndani, kisha kutoa kiwango kisichobadilika cha hewa ya usawa wa bahari, yaani psi 14.7. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni kama psi 11.75 tu. Matokeo yake, geji ikisema 65, kioo kitasema 62. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, tofauti ni karibu psi 2. Sensa si mbovu.

Ongeza baridi na joto juu ya hilo. Chukua tairi lililojazwa psi 65 kwa geji jioni Kisumu, hewa ikiwa nyuzi 30. Kesho yake limelala Nakuru kwenye nyuzi 12. Geji itasoma karibu 61.5 na kioo cha sensa kitasoma kama 58.5, bila pancha yoyote. Ukijaza 65 Nakuru asubuhi ya nyuzi 12 ukashuka Kisumu, tairi likipumzika mchana kivulini litasoma karibu 69 kwa geji. Tairi la presha hiyo hupanda au kushuka takriban psi 2.7 kwa kila nyuzi 10. La psi 32 hubadilika kama psi 1.5.

Kwa usahihi wa nambari ya baridi, basi, geji nzuri ndiyo hakimu. Sensa zote mbili zina kosa hilohilo la mwinuko, ila kosa hilo halibadiliki ukiwa mahali pamoja, na halina madhara ukishalijua.

Vali: mahali pa kuchunga zaidi

Geji haiachi alama yoyote kwenye vali. Unabonyeza, unasoma, unarudisha kifuniko.

Sensa ya kifuniko ni jambo jingine, na hili halisemwi vya kutosha. Ukiikaza, pini yake ya kati hubonyeza kiini cha vali na kukiacha wazi muda wote, ili upepo ufike kwenye sensa. Maana yake kiini hakizuii tena chochote. Kinachoshika upepo wa tairi zima ni pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya kifuniko. Punje ya mchanga ikikaa kwenye pete hiyo, au ikiwa imepinda wakati wa kukaza, una uvujaji wa polepole ulioufunga kwa mkono wako mwenyewe. Futa mdomo wa vali kwa kitambaa safi, kaza kwa vidole mpaka ishike, kisha robo mzunguko tu zaidi. Mwagia maji ya sabuni utazame kwa dakika nzima. Povu dogo kama kichwa cha sindano likitokea, fungua urudie. Kesho yake asubuhi pima tena kwa geji.

Halafu kuna uzito. Kifuniko cha gramu 12 ni chepesi mkononi, lakini kwenye rimu ya inchi 14, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka kwa kasi ya kutosha kukifanya kivute vali kwa nguvu ya karibu kilo moja. Vali ya mpira hupinda na kurudi, kidogokidogo, mpaka shina lake linapasuka pale linapoingia kwenye rimu. Vali ya kawaida ya mpira iitwayo TR413 mwisho wake ni psi 65 za baridi hata bila kubebeshwa kitu. Ukitaka vifuniko kwenye trela ya mzigo, mwambie fundi aweke kwanza vali za chuma zinazokazwa kwa nati, fupi kadiri rimu inavyoruhusu. Vifuniko vinavyokuwezesha kujaza upepo bila kuvitoa ni virefu na vizito zaidi, na hivyo visikae kwenye vali ya mpira hata siku moja.

Sensa ya ndani inayokuja na vali yake huondoa wasiwasi huo: kiini cha vali kinafanya kazi yake kama kawaida. Hatari yake iko kwenye nati, ambayo kwa kawaida hukazwa kati ya Nm 4 na 8 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kufuata maelezo ya mtengenezaji. Fundi aliyezoea kukaza kwa nguvu zote huikata pete ya mpira au kuvunja shina. Kila tairi linapofunguliwa, pete na kiini vibadilishwe.

Na kuna swali linalotangulia yote haya: je, trela yako ina tyubu? Trela nyingi za jua kali, yaani zilizoundwa na mafundi wa mitaani, huku kwetu bado zinatumia tyubu. Sensa ya ndani haiwezi kusoma upepo ulio ndani ya tyubu, basi. Kifuniko kinaweza, lakini shina la tyubu ni laini na hucheza ndani ya tundu la rimu. Kwenye tyubu, geji ndiyo salama.

Mawimbi kufika mbele

Geji haina habari na hili. Sensa nyingi za aina zote mbili hutumia mawimbi ya megahezi 433. Trela fupi ya ekseli moja kwa kawaida hufika bila tatizo. Trela ndefu, au yenye sanduku la mabati, au pikapu yenye kanopi ya chuma iliyojaa mzigo, huzuia. Sensa za ndani hupoteza zaidi kidogo kwa kuwa zimezungukwa na rimu na nyaya za chuma za tairi. Dalili yake ni gurudumu moja, mara nyingi la nyuma kulia au kushoto, kuonyesha vistari badala ya nambari.

Dawa ni ripita, kisanduku kinachopokea mawimbi karibu na magurudumu na kuyarusha tena mbele. Ifunge kwenye mlingoti wa trela, ule wa kuunganishia na gari, mbali na matope. Kosa la kawaida ni kuiunganisha kwenye waya wa taa ndogo, kwa sababu trela nyingi zimevutwa nyaya za taa tu. Hapo ripita inafanya kazi usiku na kufa mchana, na mwenye gari analaumu sensa. Ama uendeshe na taa ndogo zikiwaka, ama uvutiwe waya wake wenyewe wenye fyuzi ya ampea 2 au 3.

Sensa za Bluetooth zinazosomwa kwenye simu zinafaa kukagulia trela ukiwa umesimama kando yake. Barabarani usizitegemee kwa trela: umbali wake ni mfupi, na programu ikifungwa na simu iliyoishiwa nafasi, hutasikia kengele.

Fundi, betri na wezi

Geji inadai uangalifu tu. Isiangushwe, na ilinganishwe na nyingine mara mbili kwa mwaka. Zile geji za mpira wa kompresa wa vituo vya mafuta zimeangushwa sana. Jaza kwa hizo, pima kwa yako.

Vifuniko unafunga mwenyewe kwa dakika 20. Betri huwa ni kidonge kinachobadilishwa kwa mkono. Ukiifungua kagua pete ya kuzuia maji kabla ya kufunga. Kwa kifuniko cha kawaida, kila ukitaka kuongeza upepo lazima ukitoe, na kama umefunga nati ya kuzuia wizi lazima uwe na kile kispana chake kidogo. Kiweke pamoja na jeki. Vifuniko vinang'aa na vinaonekana, na trela ikilala nje mjini vinaweza kutoweka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba vinahama: mwenye trela mbili zisizotoka siku moja anaweza kutumia seti moja.

Sensa za ndani hazionekani na haziibwi, na betri yake hudumu miaka 5 hadi 7, lakini imezibwa: ikiisha unatupa sensa. Tatizo lake kwetu ni fundi wa pancha wa kando ya barabara. Anabandua tairi kwa vyuma viwili na nyundo, na sensa imekaa palepale nyuma ya vali. Mwambie kabla hajagusa. Aanze kubandua upande ulio mkabala na vali, asiingize chuma kiganja kizima kushoto wala kulia kwa vali, na wakati wa kurudisha amalizie mbali na sensa. Chora alama ya rangi kwenye ukuta wa tairi karibu na vali ili hata ukiwa haupo ajue. Na usitie ile dawa ya maji ya kuziba pancha. Huziba tundu la sensa.

Kuweka kengele

Iwe vifuniko au za ndani, kifaa ni sawa tu na nambari uliyokipa. Trela ya jua kali haina kibandiko cha presha, kwa hiyo anzia kwenye ukuta wa tairi na mizani. Tairi la 185R14C lenye alama 102/100 hubeba kilo 850 likiwa peke yake upande wake, kwenye presha ya juu kabisa iliyoandikwa, mara nyingi kPa 450, yaani psi 65. Pima trela ikiwa na mzigo wake wa kawaida kwenye mizani ya magari, toa uzito unaobebwa na kulabu, gawanya kwa idadi ya magurudumu. Ukikaribia kikomo, jaza presha hiyo ya juu. Ukikipita, punguza mzigo, maana hakuna sensa itakayokusaidia.

Jaza asubuhi kabla ya jua, trela ikiwa imesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi. Kisha tazama kioo kinasema nini, na hiyo ndiyo nambari ya kuanzia, hata kama geji inasema tofauti. Kwa mfano wa Kisumu hapo juu, geji 65, kioo kama 63. Kengele ya chini iweke asilimia 10 chini ya 63, kama 57, na asubuhi ya baridi Nakuru itakuta 58.5, ikakaa kimya. Ungeweka kwa 65, kengele ingekuwa kwenye 58.5 hasa, ikakulilia kila alfajiri mpaka ukaizima. Ya juu iwe asilimia 25 zaidi, karibu 79. Joto liwe nyuzi 70 kwa vifuniko na 80 kwa za ndani. Baada ya kuweka, toa kifuniko kimoja au punguza upepo wa tairi moja kwa makusudi, usikie kengele inalia kwa gurudumu lipi. Magurudumu yaliyosajiliwa kinyume ni kosa la mara kwa mara.

Kulingana na hali yako

Trela ya ekseli moja, safari fupi za kupeleka saruji au maji kati ya mji na shamba, matairi ya tyubu: nunua geji nzuri na kipimajoto cha miale. Vivyo hivyo kwa trekta za miwa za Chemelil na Muhoroni. Mwendo ni mdogo, miiba ni mingi, na dereva anashuka mara kwa mara.

Trela ya kukodisha, inayovutwa leo na gari hili kesho na lile, matairi yasiyo na tyubu: vifuniko, vali za chuma, na kioo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Anayekodi asaini kwamba amekabidhiwa na kispana.

Trela ya ng'ombe au ya mahindi kutoka Kitale, ekseli mbili, breki zake, mwenye mmoja na fundi mmoja anayeaminika mwenye mashine ya kubandulia matairi: sensa za ndani na ripita. Zifunge wakati unabadilisha matairi, usilipie kazi hiyo mara mbili. Spea nayo iwekewe sensa, la sivyo siku ya pancha kioo kitalia njia nzima kikitafuta gurudumu lililolala juu ya mzigo.

Trela ya boti inayoingizwa majini Dunga, ufukweni Kisumu: za ndani zinafaa zaidi. Vifuniko vinavyozuia maji vitavumilia, lakini matope ya ufukwe huingia kwenye nyuzi za vali, kwa hiyo vitolewe na kuoshwa baada ya kila safari. Tairi la moto likizama kwenye maji baridi presha hushuka ghafla na kengele inaweza kulia. Ngoja magurudumu yapoe kwanza, jambo ambalo beringi pia zinalihitaji, maana kitovu cha moto kikipoa ghafla huvuta maji ndani.

Na kama bado hujanunua chochote, nenda kwanza ukasome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ukuta wa matairi ya trela. 2316 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Ukikuta ya namna hiyo, na nyufa ndogondogo pembeni, pesa ya sensa inunue matairi.